Jiwe la Wapagazi

(Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya Mapadri wageni na Wakristu wote, siku ya Jubilei ya parokia yetu, Goma)



Tumeombwa kueleza, mbele ya mkutano huu wa Jubilei, habari ya jiwe lililopendekezwa katika Baraza la Parokia: jiwe la kuwakumbuka wapagazi, maana yake watu waliochukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya vita. Tunajua kwamba jambo hili limeleta maneno. Wengine wameuliza: wapagazi gani hao, na vita gani? Wengine wamesema ya kuwa siku ya furaha si siku ya kufufua huzuni za kale. Nao wako waliokubali jiwe, lakini hawapatani juu ya maneno yatakayochongwa juu yake. Basi tutaanza na habari yenyewe, kisha tutatoa neno letu juu ya maandishi, kwa kuwa hapo ndipo penye shida ya kweli.

Katika kitabu hiki cha Jubilei mtaona picha za mapadri waliotutangulia, majina ya makatekista wa kwanza, na ya wazee waliopima msingi wa kanisa. Ni haki yao, wala hatuondoi hata jina moja. Lakini njia ambazo hao wote walipita kwa kufika huku zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na miguu ya watu wengine, na hao hawana picha.

Turudi basi mwaka 1914. Miaka mine mbele yake, mwaka 1910, wakubwa wa Ubeleji, wa Udachi na wa Uingereza walikutana Brussels, wakakata mpaka katika nchi hii ya volkano na maziwa. Goma ikawa upande wa Wabeleji, Kisenyi upande wa Wadachi. Wenyeji waliendelea kuuziana mbuzi na maharagwe na kuoana kama zamani, kwa kuwa mstari ulikuwa katika karatasi tu. Vita ilipowaka Ulaya mwezi wa Agosti 1914, mstari ule ukawa moto. Tarehe 24 Septemba 1914 Wadachi waliteka kisiwa cha Idjwi, na toka hapo, kwa mwaka mmoja na nusu na zaidi, majeshi mawili yalitazamana hapa, huku na huko ya mpaka, wakipigana leo na kupumzika kesho. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Kongo, lililoitwa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, lilianza kuingia Rwanda. Tarehe 6 Mei lilikuwa Kigali. Mwezi wa Juni Usumbura. Na tarehe 19 Septemba 1916 liliingia Tabora. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1917, lilifika hata Mahenge, kusini ya nchi ya Wadachi.

Haya yameandikwa vitabuni, na zamani watoto wa shule walifundishwa kuyakariri: Mahenge, Tabora, kama majina ya watakatifu. Sisi wenyewe tuliyakariri tulipokuwa seminari ndogo. Neno ambalo hatukufundishwa ni hili dogo: risasi ile ilifikaje Tabora?

Tufikiri kidogo kama watu wanaojua mzigo ni nini, kwa maana katika mji huu kila nyumba yajua. Wakati ule hapakuwa reli huku, wala barabara ya motokari. Ng'ombe na punda wanakufa njiani kwa magonjwa ya mbung'o. Vitu vya jeshi vilitoka Ulaya kwa meli, vikapanda reli ya Matadi, vikapanda mto mpaka Stanleyville na kusonga mbele kwa Lualaba. Kutoka pale mpaka ziwani ni msitu, na nyuma ya msitu ni milima. Hapo mashine zote zilikwisha, likabaki kichwa cha mtu. Masanduku ya risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, mahema, mchele, dawa, divai ya wakubwa, na mara nyingi mkubwa mwenyewe katika machela: vyote vilipita juu ya vichwa na mabega.

Mzigo mmoja ulikuwa kilo 25 hivi. Mtu anayetembea mchana kutwa ahitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Basi mpagazi aliyebeba unga, kama akila katika mzigo wake, baada ya siku 25 hana kitu cha kumpa askari. Tena hajarudi kwao. Ndiyo sababu jeshi lilipozidi kwenda mbali, wapagazi walizidi kuliko askari: wengine kumbebea askari, wengine kuwabebea wale wapagazi, na wengine tena nyuma yao. Katika miaka yote ya vita ile, upande wa Kongo peke yake, watu karibu 260,000 walitiwa katika kazi ya kubeba. Na hawakutosha, Waingereza walishurtishwa kutoa wapagazi wa Uganda kulisaidia jeshi la Tombeur. Kwa upande wao Waingereza walichukua watu karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki na nchi jirani, na hesabu yao wenyewe yataja wafu zaidi ya 95,000.

Watu hao walipatikana namna gani? Mkubwa wa posti alimwambia mwami ao chifu idadi ya watu. Chifu aliwaambia wazee wa vilima. Kapita na askari walikwenda usiku kuzunguka nyumba. Aliyekimbia, mke wake ao mbuzi wake walichukuliwa mpaka arudi. Aliyepatikana alifungwa kamba pamoja na wenzake asitoroke njiani. Fimbo ya kiboko ilikuwa mkononi mwa aliyewachunga. Wanawake walibaki na mashamba peke yao, tena chakula kilichovunwa kilitakiwa na majeshi. Ng'ambo yetu, katika Bugoyi na pande za Kisenyi, njaa kubwa iliyoitwa Rumanura iliua watu wengi toka mwaka 1916 mpaka 1918. Vita iliyokula mashamba na mikono ya kulima ndiyo mama yake. Njaa haikuuliza mpaka wa mwaka 1910 uko wapi.

Tena wapagazi wale hawakufa sana kwa risasi. Mtu wa msitu, aliyezoea joto na ndizi, alipandishwa milima ya baridi akiwa na kitambaa kimoja, akapewa unga wa mahindi ao maharagwe yasiyoiva kwa kuwa hakuna wakati wala sufuria. Tumbo likamwendesha damu. Mwingine akapatwa na homa ya mapafu. Alipoanguka, mzigo wake uligawanywa kwa wenzake, msafara ukasonga. Askari weusi waliokufa waliandikwa, karibu 2,000. Wapagazi waliokufa wahesabiwa kwa maelfu na maelfu, na hesabu ya kitabu kimoja hailingani na ya kingine, sababu masanduku yalikuwa na namba, lakini waliyoyabeba hawakuwa nayo.

Hapa tunataka kuondoa kosa moja la fikira. Wako vijana wanaosema: «Wazee wetu walikuwa wapagazi tu», kana kwamba neno hilo ni aibu. Sivyo. Kabla ya wakati wa Wazungu, upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Wanyamwezi wa Tabora waliifanya kwa mkataba: walijadiliana mshahara, walikuwa na viongozi wao, walijua kukataa mzigo unaozidi kipimo, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanaume kamili. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walipotoka Bagamoyo mwaka 1878 kuja kwenye maziwa yetu, walikuja nyuma ya wapagazi wa namna hiyo. Vyombo vya Misa vilisafiri juu ya vichwa vyao. Hata Kiswahili hiki tunachosali nacho kilifuata njia za misafara. Aibu si ya mpagazi. Vita ilichukua kazi ya mtu huru ikaifanya nira, ikawapeleka watu wa Kongo wakiwa wamefungwa kamba mpaka Tabora, mji uleule wa wapagazi walioijua bei ya mabega yao.

Wala kamba haikukatwa na amani ya mwaka 1918. Wazee tuliowakuta sisi walisema zaidi juu ya vita ya pili, ya mwaka 1940 mpaka 1945, kwa kuwa hiyo waliiona kwa macho. Serikali ya Wabeleji iliita «juhudi ya vita». Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima, zilizokuwa 60 kwa mwaka, zilifanywa kuwa 120. Watu walirudishwa msituni kutafuta mpira wa porini, kama katika siku za Leopold. Huku Kivu pareto na kinina zilitakiwa. Na barabara zilichimbwa kwa jembe. Mwaka 1944 watu wa pande za Masisi, Walikale na Lubutu walichoka, wakaasi, wakapondwa. Lakini hii ni habari ya siku nyingine. Tumeitaja ili mjue kwamba tunaposema «wapagazi» tunawaweka pamoja nao wote waliotumikishwa kwa ajili ya vita isiyokuwa yao.

Sasa, dunia imewakumbuka namna gani?

Jenerali Tombeur alipewa ubaroni, na jina la mji likashonwa katika jina lake: Baron Tombeur de Tabora. Alipokwisha kufa, mwaka 1951 alisimamishiwa mnara katika Saint-Gilles, mjini Brussels. Hatusemi kwamba hakustahili mnara kwa watu wake. Tunasema tu kwamba jina la Tabora lilipewa mtu ambaye hakubeba kitu.

Waingereza walitenda vizuri kidogo. Nairobi, mwaka 1928, waliweka sanamu tatu za shaba, na mmojawapo ni mpagazi. Maandishi yaliyo chini, ambayo yako pia katika Kiswahili, yawafananisha wapagazi na miguu na mikono ya jeshi. Mwili wasifiwa kwa miguu yake, lakini jina hakuna. Dar es Salaam, mwaka 1927, walimweka askari peke yake na bunduki yake. Ila Dar es Salaam ina ukumbusho mwingine ambao serikali haikuukusudia: mtaa na soko la Kariakoo. Neno hilo latoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi yao pale. Nairobi vilevile wana Kariokor. Mama anayekwenda kununua nyanya Kariakoo anawataja wapagazi bila kujua. Hakuna shaba inayodumu kama neno lililoingia katika kinywa cha watu.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita, inayotunza makaburi ya askari wa Uingereza na ya nchi zilizokuwa chini yake, ilikiri mbele ya watu wote kwamba wafu 116,000 kwa uchache, na labda hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina, ao hawakukumbukwa hata kidogo. Na mwezi wa Januari 2025, huko Cape Town, tume hiyo ilifungua mahali pa ukumbusho kwa watu weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, waliotumika bila silaha na kufa katika vita ya kwanza pasipo kaburi linalojulikana. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti, na juu ya nguzo jina lake. Baada ya miaka zaidi ya 100, majina yalipatikana! Wazee wanaosema kwamba kazi hii haiwezekani, twaomba wafikiri juu ya nguzo zile.

Na sisi hapa Goma? Wageni wetu mliopita katikati ya mji, mmeiona sanamu ya chukudu inayong'aa kama dhahabu. Tunaipenda sanamu ile. Yamheshimu kijana anayesukuma viazi na makaa toka vijijini ili watoto wake wale. Lakini mzigo wa chukudu ni wa mwenyewe: amejadiliana bei, na jioni arudi nyumbani. Kwa yule ambaye mzigo haukuwa wake, wala bei hakuulizwa, wala hakurudi, mji wetu hauna hata kokoto. Ndiyo maana Baraza limeleta fikira ya jiwe.

Tumefika kwenye ugomvi wenyewe. Ndugu wengine, watu wema tunaowaheshimu, walileta maandishi yanayosema kwamba wapagazi walijitolea kwa ajili ya nchi yao. Ni maneno mazuri ya kusikia. Twawaomba radhi: si ya kweli. Hawakujitolea; walitolewa. Katika Kiswahili silabi moja yatosha kubadili dhambi kuwa fadhila. Aliyejitolea tunamshukuru, mambo yamekwisha. Aliyetolewa, shurti tuulize: nani alimtoa? Nani alihesabu vichwa? Na katika orodha ya waliomtoa yuko Mzungu wa posti, ndiyo, lakini wako pia chifu wetu, kapita wetu, jirani aliyeonyesha nyumba usiku. Pengine hapo ndipo panapouma, na ndiyo sababu neno «walijitolea» latupendeza: latufunika sisi sote.

Tena kuna hatari. Tukiandika kwamba mtu aliyefungwa kamba alijitolea, tunamfundisha kila mwenye bunduki kwamba baadaye, akiisha kupita, kamba yake itaitwa upendo wa nchi. Msidhani tunasema mambo ya babu tu. Kati yenu wamo watu wa Rutshuru, wa Masisi na wa Walikale. Katika miaka hii ya vita yetu, wako waliokamatwa njia ya shamba ao njia ya soko, wakabebeshwa masanduku ya risasi na magunia yaliyoibwa katika vijiji vyao wenyewe, wakaenda siku mbili, siku tatu. Wengine wamerudi na vidonda mabegani, wengine hawajarudi. Wako walioitwa «salongo», nao wajua tofauti kati ya kufagia barabara yao na kuchimba mahandaki ya watu wenye silaha. Hatutaji kikundi, kwa sababu vikundi vimekuwa vingi na mzigo ni uleule. Wahenga walisema mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Miaka 110 tumelitazama kanda lile.

Injili yatupa mfano wa kuandika. Katika nchi ya Wayahudi, askari wa Kirumi aliweza kumkamata mtu yeyote njiani na kumbebesha mzigo; ndilo jambo Bwana alilolitaja alipofundisha juu ya mtu anayekulazimisha kwenda naye maili moja. Siku ya Ijumaa Kuu askari walihitaji mpagazi. Wakamwona mtu anatoka shamba, hana habari, wakamkamata. Marko mwinjili asema wazi kwamba alishurtishwa. Hakumpamba kwa kusema kwamba alijitolea. Lakini hakuishia hapo. Aliandika jina lake, Simoni. Aliandika kwao, Kirene. Aliandika hata majina ya watoto wake, Aleksanda na Rufo. Askari waliomkamata hawana majina mpaka leo. Vilevile katika kitabu cha Kutoka, wakati wa kazi ya nguvu ya Misri, twawajua wazalishaji wawili, Shifra na Pua, waliokataa kuua watoto; lakini Farao, mwenye mnara na miji ya akiba, hakuandikwa jina. Makatekista wengi hupita mahali hapa mbio wakiwahi bahari ya Shamu. Inafaa kusimama kidogo.

Basi maandishi tuliyoyaleta sisi mbele ya Baraza ni haya:

WALICHUKULIWA KWA NGUVU,
WAKABEBA MIZIGO ISIYOKUWA YAO,
WAKAFA MBALI NA KWAO.
BWANA, UWAPE RAHA.

Hakuna bendera, hakuna kabila, hakuna jina la jeshi. Wengine wataka tuandike pia maeneo walikotoka. Sisi twaogopa kidogo. Orodha ya maeneo katika nchi yetu huanza kama kumbukumbu na kuisha kama kesi. Kamba iliwafunga pamoja mtu wa msituni na mtu wa mlimani, mwenye lugha hii na mwenye lugha ile, na huenda aliyebeba upande huu wa mpaka alikuwa na shemeji aliyebeba upande wa pili. Jiwe liwaache pamoja hivyohivyo.

Lakini majina ya watu, hayo ndiyo. Nyuma ya jiwe twataka pabaki uso mtupu, laini, wa kuandikia. Kanisa lajua kazi ya kuandika majina. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo iliposhuka katikati ya mji na kuharibu Katedrali yetu, watu waliona kwamba ukuta hujengwa tena, lakini ukurasa wa kitabu cha ubatizo ukiungua ni kazi kubwa kumpata mtu aliyekuwa ndani. Wapagazi wa vita ya kwanza wengi hawakubatizwa. Hawamo vitabuni mwetu wala vya Leta. Wamo katika midomo. Katika jamaa nyingi yuko babu wa babu anayetajwa hivi: «alikwenda na mizigo, hakurudi». Hilo ni neno la historia kama lingine lolote, nalo lakufa pamoja na bibi anayelijua. Kwa wale wasiojulikana kabisa, Misa ya tarehe 2 Novemba itatosha, kwa maana Mama Kanisa huwaombea hata wafu ambao imani yao yajulikana kwa Mungu peke yake.

Wale waliosema kwamba tuna wafu wetu wapya wa kutosha, kwa nini kuchimba wa zamani, hatuwapuuzi. Sisi pia tumezika. Lakini tumeona jambo moja katika kazi yetu ya kutembelea mashirika: mama aliyepotewa na mwana njiani, hajui kaburi, hana mahali pa kuweka ua, huyo haulizi kama jiwe ni la mwaka 1916 ao la mwaka jana. Aliposikia habari hii aliuliza kama ataweza kusimama pale. Tulimjibu kwamba ndiyo. Baraza lilipoambiwa, hakuna aliyepinga.

Yabaki mambo ya kazi. Jiwe ni la hapahapa, jiwe jeusi la volkano. Fundi wa kulichonga ataaminiwa na kulipwa. Twasisitiza juu ya neno hili la kulipwa, kwa sababu katika mkutano mmoja pametolewa shauri kwamba kila shirika litoe vijana kumi wa lazima, na asiyefika atoe faini, kwa kulichukua jiwe toka machimboni. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Haiwezekani, ndugu zangu. Jiwe la wapagazi litaletwa na motokari ya kulipwa, ao na chukudu za kulipwa, ao na watu wanaotaka wenyewe. Na yeyote asiyetaka abaki kwake bila kuulizwa. Kama fedha hazitoshi, lingoje. Limekwisha kungoja miaka mingi.

Sahani ya fedha itapitishwa mara moja tu, Jumapili ijayo baada ya Komunyo. Na kwa majina: kila Jumamosi, baada ya mafundisho ya wakatekumeni, mmoja wetu atakaa katika chumba kidogo kilicho nyuma ya sakristia na daftari. Leteni jina la mtu, jina la baba yake, mahali alipochukuliwa, na neno lolote linalosemwa juu yake nyumbani. Bibi wasioweza kutembea, wajumbe wa shirika watutumie habari, tutakwenda wenyewe. Majina kumi na moja yamekwisha kuandikwa. La kumi na moja ni la mwanamke. Tumeambiwa kwamba alifuata msafara na chakula cha mume wake.